Pensheni dola 1,300 kwa mwezi: ni nchi gani itakupa viza ya kustaafu?

Nianze na hesabu maana hapo ndo watu wanapokosea kabla hata hawajafungua ramani. Mtu kabeba maboksi Marekani miaka ishirini na ushee, usiku anageuza wazee wa watu vitandani, mchana yuko godauni, sasa kafika miaka 61 magoti yanagoma kupanda ngazi, anafungua akaunti yake ya Social Security, ile pensheni ya serikali ya Marekani, anakuta wanamwambia atapata kama dola 1,300 kwa mwezi. Akitoa kodi ya apatimenti ya chumba kimoja hapo Columbus au Minneapolis hana hela ya maana inayobaki. Kwahiyo anaanza kuulizia, eti nimesikia Panama wanapokea wastaafu, eti Ureno, eti Thailand, na wengine wanamjibu rudi tu nyumbani bwana unahangaika nini. Kurudi nyumbani nako siku hizi kuna kibali chake, ntafika huko, na kwa baadhi yetu ndo pagumu kuliko hata Panama.

Ntaandika zaidi kwa alieko Marekani maana ndiko nnakokujua, wa Uingereza nimewawekea kipande chao. Viwango vingi hapa ni vya 2025 na nchi nyingi zinavipandisha kila Januari, kwahiyo kabla hujatoa hela yako kwa wakili yeyote fungua tovuti ya uhamiaji ya nchi husika uangalie cha mwaka huu.

Hela yako ni ya aina gani

Afisa wa viza hajali una shilingi ngapi mfukoni kama anavyojali hiyo hela inatoka wapi na itaisha lini. Kuna pensheni ya maisha, yaani inalipwa mpaka unaingia kaburini, Social Security ya uzeeni ni hiyo. Kuna kipato kinachoingia bila wewe kufanya kazi, kama kodi ya nyumba au gawio. Alafu kuna akiba iliyolala benki. Panama na Costa Rica kwenye viza yao ya wastaafu wanataka pensheni ya maisha, ukienda na akiba ya dola elfu sitini bila barua ya pensheni hawakupi hiyo viza. Thailand ni kinyume, ukiwa na hela nene imelala benki hawakuulizi pensheni. Ureno wako katikati. Kwahiyo kaa chini ujiulize wewe unaweza kuthibitisha nini kwa karatasi, maana ile biashara ya bodaboda tatu Mwanza anazosimamia mdogo wako kwa afisa wa viza haipo.

Kuna kitu kimoja nikisema watu wananuna. SSI, ule msaada wa serikali kwa wazee wasio na kipato cha maana, sio Social Security. Mama zetu wengi walioletwa na watoto wao hawakufanya kazi kule, wanachopata ni SSI, na hiyo ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo inasimama. Huwezi kustaafia nayo Panama wala Tanga. Social Security yenyewe unaipata kwa kufanya kazi na kukatwa, krediti 40, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi ya kazi.

Sasa umri. Aliezaliwa 1960 kuja mbele, pensheni kamili ni akifika 67. Unaweza kuanza kuchukua ukiwa 62 ila unapewa asilimia 70 tu na unabaki na hiyo asilimia maisha yako yote, sio kwamba ukifika 67 wanakurudishia. Weka kwenye viza uone. Tuseme pensheni yako kamili ni dola 1,400. Ukichukua 62 unapata 980. Panama wanataka 1,000. Umekosa nchi nzima kwa dola ishirini! Ukivumilia mwaka mmoja tu ukachukua 63 inakua asilimia 75, ni 1,050, umepita. Namjua kaka mmoja alikimbilia kuchukua 62 kwasababu alichoka, simlaumu hata mimi nilichoka, ila alipokuja kupiga hesabu za viza alikua ameshapitisha miezi 12. Ndani ya hiyo miezi 12 ya mwanzo unaweza kufuta maombi ukarudisha ulichopokea, baada ya hapo ndo imetoka.

Jingine, barua ya Social Security inaonyesha kiasi kamili, lakini benki inaingia pungufu kwasababu wakishakukata Medicare Part B, bima ya afya ya wazee ya Marekani, dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, kinachoonekana kwenye stetimenti ni kingine. Kuna maafisa wanasoma barua, kuna wanaosoma stetimenti. Kama uko karibu na mstari, hiyo 185 inakuangusha.

Pasi kwanza, nchi baadae

Hapa ndo nataka usome polepole. Watu wanauliza nchi gani nzuri kabla hawajauliza mimi ntaondoka na pasi gani, na pasi ndo inaamua kila kitu.

Ukiwa raia wa Marekani, Social Security inakufuata karibu dunia nzima, ukiacha nchi chache mno kama Cuba na Korea Kaskazini. Ukiwa na grini kadi ni hadithi nyingine kabisa. Grini kadi ni ya kuishi Marekani, ukihamia nje moja kwa moja unaipoteza. Na ukishakua sio raia na sio mkazi, mambo mawili yanakupata. La kwanza, ukikaa nje miezi sita mfululizo malipo yanaweza kusimama kutegemea wewe ni raia wa nchi gani. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi wako kwenye orodha ya wanaoendelea kulipwa kama walifikisha krediti 40 au waliishi Marekani miaka 10, ila usinikariri mimi, Social Security wana kipimo chao onlaini cha malipo ya nje ya nchi, unaweka uraia wako na nchi unayokwenda kinakupa jibu. La pili ni kodi, wanakata asilimia 30 ya asilimia 85 ya pensheni yako, yaani 25.5 kwa mia, kabla haijakufikia. Dola 1,300 inakua 968. Ona sasa, Panama imeondoka tena.

Kwahiyo mtu atasema basi ntakula kiapo niwe raia alafu ndo niondoke. Mkenya, sawa kabisa, katiba ya 2010 inakuruhusu, aliezaliwa raia hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, na waliokua wameupoteza zamani wanaomba wanarudishiwa, ila ukichukua uraia mwingine toa taarifa ndani ya miezi mitatu, sheria yao ya 2011 inataka hivyo. Mganda, Mnyarwanda, Mrundi, nao nchi zao zinaruhusu uraia pacha. Mtanzania na Mkongo ndo tunaobaki tunaangaliana. Katiba ya Kongo inasema uraia wao ni mmoja tu, na Tanzania sheria ya uraia ya 1995 mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine wa kwetu unaondoka hapohapo.

Maana yake kwa Mtanzania ni kwamba siku unanyoosha mkono wa kulia pale mahakamani unapiga picha na kibendera, ndo siku Tanzania inakua nchi ya nje kwako. Utaingia Kilimanjaro au Dar kwa viza ya dola 100 kama Mmarekani yeyote, siku 90 unatakiwa utoke. Kuishi unahitaji kibali cha ukaazi daraja C, ndo kina wastaafu ndani yake, pamoja na wanafunzi na wamisionari na watu wa kujitolea. Ardhi nayo, asie raia hamiliki ardhi Tanzania bara isipokua kwa njia ya uwekezaji, sasa ile nyumba ya Kigamboni uliyoijenga kwa zamu za usiku iko kwa jina la nani? Usijibu haraka. Na kabla hujafanya lolote kaulize ubalozini au Uhamiaji kuhusu hadhi maalum ya diaspora wasio raia, ndo njia iliyotengenezwa kwa watu kama sisi, uliza inakupa haki gani ya kukaa na gani ya ardhi, waambie wakupe kwa maandishi.

Mimi binafsi, na hapa ni maoni yangu tu, Mtanzania mwenye nyumba yake tayari bongo na hana watoto wadogo wa kuwavuta Marekani, afikirie sana kabla ya kula kiapo eti kwasababu ya pensheni tu. Dola 968 baada ya makato, unakaa Morogoro au Tanga kwenye nyumba yako, kwa pasi yako, hakuna anaekuuliza kibali, hiyo ni tofauti na dola 1,300 ambayo kila baada ya muda unapanga foleni Uhamiaji kuomba ruhusa ya kuishi kwenye mtaa ulikozaliwa. Wengine watanipinga, na wana hoja, maana raia wa Marekani anaweza kurudi kutibiwa na Medicare na mwenye kuacha grini kadi hawezi kurudi kirahisi. Piga hesabu ya magonjwa yako.

Haya, nchi sasa

Panama ndo ntakaa nayo kidogo maana kwa mtu wa kipato chetu ndo mlango ulio wazi zaidi. Viza yao inaitwa Pensionado, wanataka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi, ya serikali au ya kampuni, na ukiwa na mke au mume anaekutegemea unaongeza dola 250, mmekua 1,250. Ukinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 wanakushushia mpaka 750 ila mwenye pensheni ndogo laki moja ya dola anaitoa wapi. Ukipata, ni ukaazi wa kudumu, sio wa kuhuisha kila mwaka. Hela yao ni dola ileile, balboa iko kwenye sarafu tu, kwahiyo hakuna kuamka asubuhi ukakuta pensheni imeyeyuka. Pensheni yako ya nje hawaitozi kodi. Na wana sheria ya tangu 1987 ya punguzo kwa wazee, wanawake kuanzia 55 na wanaume 60, asilimia 25 kwenye tiketi za ndege na migahawa, punguzo la umeme, nusu bei kwenye burudani, na hata wewe mgeni mwenye ukaazi unapata.

Maombi lazima yapelekwe na wakili wa kule, huwezi kujipeleka mwenyewe dirishani. Hapa ndo wanapoliwa watu. Uliza bei nzima mwanzo, ya wakili, ya serikali, ya kadi, na ya mwenza, kwa maandishi, maana kuna dada namjua aliambiwa bei akafurahi kumbe ilikua yake peke yake, mumewe alihesabiwa upya kila kitu. Chakula usiogope, ndizi mbichi wanazikaanga na kuziponda, na ukienda upande wa Colón kwenye watu weusi wa pwani utakuta wali wa nazi na maharage, mimi nilipoonja nilinyamaza kidogo. Lugha ni Kihispania, na ukiwa na miaka 65 kichwa hakishiki haraka, anza kujifunza leo ukiwa bado kazini, wenzako wa zamu ya usiku nusu yao wanakiongea, wakufundishe bure.

Costa Rica nao ni dola 1,000 ya pensheni ya maisha, mke au mume anaingia hapohapo bila kuongeza. Ila maisha ghali kuliko Panama ukitoka vijijini, na ni lazima ujiunge na mfuko wao wa afya, Caja, unachangia kila mwezi kulingana na kipato ulichotangaza. Wengine wanalalamika, mimi naona ndo uzuri wake, mzee mwenye sukari na presha anapata hospitali. Miaka miwili unahuisha, baada ya mitatu unaomba wa kudumu.

Ecuador wanachukua mshahara wao wa msingi wanazidisha mara 3. Mwaka 2025 ulikua dola 470, kwahiyo 1,410. Angalia hapo, miaka michache nyuma mwenye 1,300 alikua anaingia, sasa hivi yuko nje, na kila Januari kinapanda. Nao wanatumia dola tangu 2000. Hali ya usalama imeharibika sana kwenye miji ya pwani kama Guayaquil, wastaafu wengi wanakaa Cuenca milimani, na Cuenca iko mita kama 2,500 juu ya bahari, mwenye ugonjwa wa moyo au presha aongee na daktari kwanza.

Thailand, umri kuanzia 50. Aidha baht 800,000 ziko benki kwa jina lako, kama dola 24,000 hivi, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au vyote viwili vikijumlishwa vifike laki nane kwa mwaka. Mwenye 1,300 kwa mwezi peke yake hafiki, ila kama uliweka akiba kazini kwenye 401(k) unaweza kuchanganya. Hela ya benki lazima iwe imelala miezi miwili kabla ya kuomba, ibaki miezi mitatu baada, na muda mwingine wa mwaka isishuke chini ya laki nne, yaani ni hela unaiangalia kwa macho tu. Kila siku 90 unaripoti unapokaa, kila mwaka unahuisha kwa baht 1,900, na ukitoka nchini bila kibali cha kurudia, viza imekufa. Watu wanaipenda kwasababu hospitali zao nzuri na chakula rahisi, mimi hayo mambo ya kuripoti kila miezi mitatu yananikumbusha vitu sitaki kukumbuka.

Ulaya, Ureno ndo ya mtu wa kawaida. Viza ya D7, kiwango ni mshahara wao wa kima cha chini, euro 870 kwa mwezi mwaka 2025, mwenza unaongeza nusu yake, kwahiyo mke na mume ni 1,305. Kikaratasi unafikiri ni rahisi. Lakini wanataka namba ya kodi, NIF, akaunti ya benki ya kule, na mahali pa kukaa kwa mkataba, mara nyingi wa miezi 12, kabla hujapewa viza, maana yake unalipia nyumba usiyojua kama utaingia. Na balozi nyingi wanapenda kuona akiba ya mwaka mzima, kama euro 10,440, iko benki. Ukifika unasubiri AIMA, idara yao ya uhamiaji iliyochukua nafasi ya ile ya zamani mwaka 2023, na foleni yao ni maarufu kwa ubaya. Ule unafuu wa kodi uliokua unawavuta wastaafu, NHR, wapya walifungiwa 2024, kwahiyo ukisoma makala inayokuambia pensheni inatozwa asilimia 10 tu, hiyo makala imechacha. Lisbon na Porto kodi za nyumba zimepanda vibaya, mwenye euro 1,200 aangalie bara, miji kama Castelo Branco au Viseu. Hispania viza yao isiyo ya kazi ni euro 2,400 kwa mwezi, tupite.

Kwa walioko Uingereza

Ninyi mna jambo lenu ambalo sisi hatuna. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Tanzania au Kenya inaganda. Kamili mwaka 2025 ni pauni 230.25 kwa wiki kwa mwenye miaka 35 ya michango, ukiondoka nayo ukaenda Mombasa au Arusha, ni hiyohiyo mpaka unakufa, huku alieko Leicester inapanda kila Aprili. Thailand nako inaganda. Ureno inapanda, na Mauritius pia inapanda, hii wengi hawaijui. Kama una nia ya kuishi miaka 20 mingine hiyo tofauti sio ndogo, miaka kumi ya kwanza huioni sana, miaka kumi ya pili inakuuma. Alafu ukienda Ureno kwa pensheni ya Uingereza unaomba fomu ya S1, Uingereza wanalipia matibabu yako kwenye mfumo wa umma wa kule, hiyo peke yake inaweza kukufanya uchague Ureno. Ile nyongeza ya Pension Credit usihesabu, haivuki maji.

Pauni 230 kwa wiki ni kama 998 kwa mwezi, ukigeuza euro umepita 870 ukiwa peke yako. Mkiwa wawili na pensheni ni moja, hamfiki 1,305, mpaka na mwenzako awe na chake.

Afrika yenyewe

Mauritius wana kibali cha mstaafu kuanzia miaka 50, cha miaka 10. Kiwango kilishushwa 2020 mpaka dola 1,500 kwa mwezi za kuhamishia benki ya kule, ila bajeti yao inasomwa kila Juni na ndo inapogusa hivi viwango, angalia tovuti ya EDB, bodi yao ya maendeleo ya uchumi, kabla ya kuota. Kisiwa kizuri, tulivu, sio rahisi kama watu wanavyofikiri.

Afrika Kusini viza ya mstaafu ni randi 37,000 kwa mwezi, kama dola elfu mbili hivi. Kenya kibali cha daraja K, miaka 35 kuendelea, dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje, nazo ni 2,000 kwa mwezi. Hicho kiliwekwa kwa mzungu wa Karen na Watamu, sio kwa mbeba maboksi. Na kama ulizaliwa Mkenya usithubutu hata kuulizia hicho, rudisha uraia wako. Dubai na zile ndoto za kuwa karibu na Oman kwa shangazi, walipoanza 2020 walitaka dirham 20,000 kwa mwezi au akiba ya milioni moja, nimetaja tu ili usipoteze Jumamosi yako kusoma.

Karatasi, na mpangilio wake

Kosa la wengi sio kukosa karatasi, ni kuzianza kwa mpangilio mbaya. Karatasi nyingi zinachacha kama maziwa. Rekodi ya polisi nchi nyingi wanataka isizidi miezi mitatu au sita. Sasa mtu anaanza na rekodi ya FBI kwasababu ni rahisi, dola 18 na alama za vidole, anaipeleka Washington kupigwa apostili, yaani muhuri wa kuifanya itambulike nchi za nje, dola 20, anafurahi. Alafu ndo anakumbuka cheti cha ndoa kiko Tanzania. Walifunga ndoa 1989, cheti ni cha kanisani au cha shehe, hakijawahi kwenda RITA. Mpaka ndugu aende, afuatilie, aambiwe njoo kesho, FBI imeshaoza.

Kwahiyo anza na cha polepole. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa kutoka nyumbani ndo vya kwanza. Na Tanzania na Kenya hawako kwenye mkataba wa apostili, maana yake cheti kinapita RITA au msajili, kinaenda Wizara ya Mambo ya Nje, alafu kinagongwa na ubalozi wa nchi unayokwenda, kama hawana ubalozi Dar unatafuta ulipo, Nairobi au Pretoria. Hiyo safari ya karatasi moja inaweza kumaliza miezi. Angalia na majina, kwenye pasi ni Mwanahawa, kwenye cheti Mwanahawa binti Salum, kwenye Social Security jina la mume, wewe unajua ni mtu mmoja, afisa wa Panama hajui. Hati ya kiapo ya majina itengeneze mapema.

Ikifuata, barua ya Social Security, unaipakua bure kwenye akaunti yako, ila kwa viza omba yenye muhuri ofisini kwao kwasababu ya kupata nakala inayokubalika kwenye apostili, na soma kama imesema malipo ni ya uzeeni. FBI iwe ya mwisho kabisa. Tafsiri ya Kihispania au Kireno ifanywe na mkalimani anaetambulika na nchi hiyo, Panama ni wa kule kwao, usilipe wa Marekani mara mbili bure.

Mambo yanayokuja baada ya kuhama

Medicare haivuki mpaka, isipokua dharura chache mno. Utaamua uendelee kulipa Part B usiyoitumia au uache. Ukiacha ukaja kurudi, unaongezewa faini ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyokosa, maisha yote. Mwenye watoto Marekani na ugonjwa wa kudumu mimi namshauri aendelee kulipa, inauma lakini ndo tiketi yake ya kurudi.

Social Security wanatuma fomu kwa waliokua nje, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kuuliza kama bado uko hai na hali yako. Ikipotea njiani usipoijibu malipo yanasimama. Huku kwetu mambo ya barua tunajua wenyewe, sanduku la posta la shemeji, kwahiyo weka anuani unayoiamini na uulizie mwenyewe ukiona mwaka umepita kimya. Uingereza nao wana cheti chao cha kuthibitisha uko hai, wiki 16 ukikaa kimya wanafunga.

Raia wa Marekani unaendelea kujaza kodi hata ukiwa Boquete huko Panama, na akaunti zako za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unatoa taarifa ya FBAR, ile akaunti ya pamoja na mwanao bongo nayo inahesabiwa. Akaunti ya Marekani usiifunge, benki zingine zikisikia umehama zinakufunga zenyewe, ulizia kabla.

Na kabla ya kuuza fanicha, kakae kule siku 60 au 90 kama mtalii, msimu wa mvua sio wa jua, Panama mvua ni Mei mpaka Desemba. Panga nyumba mtaani, nenda sokoni, panda basi, ugua mafua. Uone siku ya Idi au ya Krismasi utakaa na nani. Kuna mzee alirudi baada ya miezi minne, akasema kila kitu kilikua kizuri ila hakuna mtu hata mmoja wa kumwamkia shikamoo.

Wiki hii ingia kwenye akaunti yako ya Social Security, usiangalie kiasi, fungua rekodi ya mapato mwaka kwa mwaka. Kuna mwaka utakuta sifuri na wewe unajua ulifanya kazi, tafuta W-2, ile karatasi ya mapato anayokupa mwajiri, ya mwaka huo ukawaonyeshe. Hesabu krediti. Ukikuta 38 usikate tamaa, mwaka 2025 krediti moja ni mapato ya dola 1,810, mbili ni 3,620, ni kazi ya msimu mmoja tu wa sikukuu godauni, magoti yakikubali.